Asili ya Neno "Darubini"

Katika eneo la Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, askari wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huwatazama nyumbu walio mbali kwa darubini. Katika hospitali za Tarime na Mugumu, mtaalamu wa maabara hutafuta vimelea vya malaria katika tone la damu kwa hadubini. Kazi za vyombo hivyo hazifanani, lakini majina yake yana mwisho mmoja: "-bini".

Darubini ni neno lenye asili ya Kiajemi, na katika lugha hiyo ni neno ambatani: "durbin". Sehemu ya kwanza, "dur", maana yake ni mbali. Ya pili, "bin", ni shina la kitenzi cha kuona. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili liliongezewa irabu, na mpaka kati ya sehemu zake ukafutika.

Lugha nyingine zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1611, miaka miwili baada ya Galileo kuanza kuchunguza anga, Giovanni Demisiani alikiita chombo hicho kwa Kigiriki, akiunganisha "tele", yaani mbali, na "skopein", yaani kutazama. Wafini husema "kaukoputki": "kauko" ni mbali, "putki" ni bomba. Katika lugha zote tatu, umbali hutangulia. Kiswahili hupanga kinyume, kama yanavyoonyesha maneno kipaza sauti na kifunguamimba: kitendo kwanza, kitendwa baadaye. Kwa kanuni hiyo, darubini ingeitwa "kionambali".

Hadubini ni istilahi iliyofuata umbo la darubini, lakini yenyewe huonyesha vitu vilivyo karibu na vidogo mno. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi, na kimelea cha malaria, ambacho Alphonse Laveran alikiona mwaka 1880, hukaa ndani ya chembe hiyo. Darubini, hata iwe na nguvu namna gani, haikuundwa kwa kazi hiyo. Basi mwanafunzi aandikaye kwamba malaria hupimwa kwa darubini hakukosea msamiati tu, amekosea sayansi.

Yafaa, basi, mwalimu alifumbue jina kabla ya kukifafanua chombo. Anayekumbuka kwamba "dur" ni mbali hatakipeleka chombo cha porini maabarani.