Maneno ya Upasuaji wa Njia ya Mkojo Kama Yasikiwavyo Mwanjelwa

Mwanjelwa, katika mji wa Mbeya, ni mahali ambapo Kiswahili huzungumzwa na watu ambao wengi wao walianza kunena kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha au Kibena. Sokoni na penye vituo vya magari Kiswahili hicho hakimpungukii mtu. Lakini mambo ya chini ya kitovu mtu mzima hakuzoea kuyataja mbele ya mgeni kwa lugha yoyote ile. Na ugonjwa wa njia ya mkojo umpelekapo kwa daktari, hana budi kuyasema na kuyasikia kwa maneno ambayo hakupata kuyapima. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa hutia saini, au dole gumba, kukubali kupasuliwa. Na akubalicho ni kile alichokisikia, wala si kile alichokikusudia daktari.

Neno litatizalo kupita yote ni *tezi dume*. Kwa daktari ni jina la kiungo: tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, izungukayo mwanzo wa mrija wa mkojo, na kila mwanamume huzaliwa nayo. Kwa msemaji wa mtaani ni jina la ugonjwa. Husemwa, "Mzee ana tezi dume," na hakuna asikiaye kosa, ingawa kwa daktari sentensi hiyo ni sawa na kusema kwamba mzee ana ini. Sababu haiko mbali. Neno *tezi* latumika pia kwa uvimbe, hasa wa shingoni. Na katika Nyanda za Juu Kusini, ambako upungufu wa madini joto uliufanya uvimbe huo kuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi, maana hiyo ndiyo ya kwanza kumjia msikilizaji. Mwenye tezi ni mgonjwa. Asiye nayo ni mzima. Likafuata neno *dume*, ambalo ni la wanyama, na kwa binadamu hutumika zaidi kwa kusifu nguvu. Vibao vya wauza dawa mijini navyo huandika "tezi dume" jirani na "nguvu za kiume," na ujirani huo umekuwa fasiri. Basi mzee aambiwapo, "Baba, tutaondoa tezi dume," yamkini asikia kwamba ataondolewa udume wake. Si ajabu akiaga kwa adabu asirudi tena.

Kifanyikacho hasa ni hiki. Kwa wanaume wengi waliopita miaka 50 tezi hukua, ikaubana mrija. Mkojo ukawa wa kukatika-katika, na usiku mtu akaamka mara nyingi. Kukua huko si saratani, ingawa saratani yaweza kutokea katika tezi iyo hiyo. Ndiyo sababu daktari huipapasa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, hupima damu, na akiingiwa na shaka huchukua vipande vidogo vya nyama kwa sindano. Wengi huanzishiwa dawa za kumeza. Zisipofaa, kuna njia mbili zilizozoeleka. Katika ya kwanza, chombo chembamba chenye taa hupitishwa ndani ya mrija wa mkojo pasipo kukata ngozi, na nyama iliyozidi hukwanguliwa kipande kwa kipande. Katika ya pili, ambayo hufaa tezi ikiwa kubwa sana, mgonjwa hukatwa chini ya kitovu na nyama hiyo hutolewa kwa mkono. Huyu hukaa hospitalini siku nyingi zaidi. Mara nyingi ganzi huchomwa mgongoni na mgonjwa hubaki macho. Baadaye mkojo huweza kuwa na damu kwa siku kadhaa, na kumwunguza akojoapo.

Katika njia zote mbili ganda la tezi hubaki mahali pake. Kitenzi *kuondoa*, kwa hiyo, chasema zaidi ya kitendo chenyewe. *Kukwangua* au *kupunguza* ni karibu zaidi na kweli. Nguvu za kiume kwa wengi husalia kama zilivyokuwa. Jambo libadilikalo mara kwa mara ni jingine, nalo husahauliwa kutajwa: shahawa hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Mwanamume atakaye watoto bado yampasa aambiwe hayo kabla ya kulazwa.

Waandishi wengine hupendelea *tezi kibofu*, na kwa maana jina hilo ni bora, kwa kuwa lataja mahali na kuuacha udume. Hata hivyo *tezi dume* limekwisha kuenea, na kulifukuza ni kazi bure.

*Mpira* ni neno la namna nyingine. Ni mpira wa kuchezea, ni mpira wa kupitishia maji bustanini, ni kinga ivaliwayo na mwanamume, na hospitalini ni mrija laini uingizwao kibofuni ili mkojo utoke wenyewe. Hapa lugha hujisaidia kwa vitenzi: mpira huchezwa, huvaliwa, *huwekewa* mtu. Mgonjwa aliyekwisha kuzoea hospitali huelewa mara moja; mgeni aelezwe kwamba mpira huo huingizwa kwa kilainishi chenye ganzi, kwamba humfanya ahisi haja ya kukojoa hata kibofu kikiwa kitupu, na kwamba baada ya kukwanguliwa tezi kwa kawaida hutolewa baada ya siku chache.

Ugumu huzidi saratani ikiwa imekwisha kuenea. Tiba mojawapo ni kuondoa korodani zote mbili, kwa kuwa humo hutoka homoni iilishayo saratani hiyo. Hapa hofu ya mzee si ya kipumbavu hata kidogo. *Kuhasi* ni neno la maksai, wala daktari mwenye adabu hawezi kumtamkia mtu aliye rika la baba yake. Lakini akisema tu "upasuaji mdogo wa saratani ya tezi," ameikimbia kweli kwa kisingizio cha heshima. *Korodani* ni neno la stara ya kutosha. Litajwe. Kinyume chake, kufunga uzazi kwa mwanamume ni kukata na kufunga mirija ya mbegu tu, chini ya ganzi ya mahali, mtu akarudi nyumbani siku iyo hiyo. Naye angoje kama miezi 3 na kupimwa kabla ya kuutegemea.

Upasuaji uliowafikia watu wengi kupita yote katika Nyanda hizi ni wa tohara. Makabila mengi ya huku hayakuwa na desturi hiyo. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mkoa wa Iringa ulitangulia: katikati ya mwaka 2010, kwa wiki 6 za majira ya baridi, wanaume na wavulana zaidi ya 10,000 walitahiriwa. *Tohara* kwa asili ya Kiarabu ni usafi wa ibada. Kwa mtu asiye wa dini wala jando hiyo, kibandiko "ya kitabibu" kilihitajika. Vijana walikuwa na lao: asiyetahiriwa ana "mkono wa sweta," nao mfano huo, katika nchi ya baridi kama Mbeya, hauombi maelezo.

Neno lenye madhara zaidi hapa ni *kupona*. Kazi yenyewe ni ya nusu saa hivi, kwa ganzi ya mahali. Mtu huja kutazamwa baada ya siku 2, na tena baada ya siku 7. Maumivu yakiisha husema amepona, na kwa Kiswahili hakukosea. Lakini ngozi changa haijakaza, na akirudia tendo la ndoa wakati huo kidonda huweza kufumuka na kuwa mlango wa virusi. Katika sentensi "usikutane na mkeo mpaka upone," kila neno ni sahihi, na mgonjwa huondoka na muda wake mwenyewe kichwani. Yatosha kumwambia: wiki 6.