Vumbi Lililo Nyuma ya Kioo cha Mita

Wateja wengi hufika gereji yetu hapa Kangemi wakiwa na kitambaa mkononi. Wamekifuta kioo cha mita mpaka kimechubuka, na vumbi liko palepale. "Fundi, hii uchafu haitoki," aliniambia juzi mama mmoja mwenye Probox anayepeleka mboga Westlands. Haiwezi kutoka, mama. Iko upande wa ndani.

Imeingiaje? Mita ya gari haikuzibwa kabisa. Gari likianikwa juani kutwa huko mjini, hewa iliyomo hupanuka na kutokea kwenye vitundu vya nyuma na kwenye pembe za kioo. Usiku, hasa Julai baridi ya Uthiru inapouma, hewa husinyaa na mita huvuta nyingine pamoja na vumbi lake. Na vumbi sisi watu wa magharibi ya jiji hatujawahi kulikosa. Barabara ya Waiyaki imechimbwa mbele ya macho yetu, mara upanuzi wa kuelekea Rironi, mara ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Ukikata kuingia vichochoro vya Kawangware, udongo mwekundu hauhitaji mkandarasi. Kisha kuna utando wa mafuta: plastiki za dashibodi zikipata joto hutoa mvuke unaokwama kwenye kioo. Huo hautoki kwa kupuliza.

Kufungua si kazi kubwa, mradi uanze na betri. Chomoa waya hasi, usubiri. Toyota huwaagiza mafundi wake wangoje angalau sekunde 90, kwa sababu mfuko wa hewa ulio kwenye usukani hubaki na umeme kidogo hata betri ikishatolewa. Redio huenda ikasahau stesheni zako, lakini kilomita hazipotei, zimeandikwa kwenye chipu. Teremsha usukani, toa fremu inayozunguka mita, legeza skrubu, uivute mita taratibu. Soketi ya nyuma ina kikucha. Kibonyeze, usivute nyaya. Magari ya zamani yana kebo ya spidi inayotoka kwenye gia, nayo huchomolewa kwa mkono. Kioo chenyewe kimeshikwa na klipu pembeni, na plastiki iliyopigwa na jua miaka kumi hukatika ukiipa haraka. Mimi huzilegeza klipu zote kwanza, ndipo nikinyanyue.

Sasa mita iko wazi, na hapa ndipo watu huharibu. Mishale usiiguse. Ule wa spidi ukisukumwa kwa kidole unaweza kuruka mahali pake, nawe ukaona 50 kumbe unakwenda 58, na kamera ya polisi haitaki kujua habari za kidole. Kwenye uso wa mita natumia kipulizo cha mpira na brashi laini, basi. Kioo nakiosha kando, katika beseni, kwa maji na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe, kwa hiyo suuza kwa maji ya mvua kama unayo. Kaushia kwa kitambaa laini, ukigusa bila kusugua. Plastiki ikisuguliwa kavu hupata umeme tuli na kulivuta vumbi ulilotoka kuliondoa. Petroli na thina ziweke mbali. Hata dawa ya madirisha yenye amonia nimeona ikiacha nyufa nyembamba zilizotapakaa kioo kizima, na hizo hazina dawa.

Ukirudisha, hakikisha soketi imelia "ta". Washa swichi: taa zote zijitokeze, kisha ya mfuko wa hewa izime yenyewe.

Nina sharti moja. Sifungui mita mwenyewe akiwa hayupo. Nairobi hii, skrubu za mita zikionyesha alama ya bisibisi, mnunuzi ataamini kilomita zimerudishwa nyuma, hata ukimweleza habari ya brashi mpaka jioni. Na hana makosa, mchezo huo upo. Basi nampigia picha mita yake kabla na baada, tarehe ionekane, naye aiweke kwenye simu.

Kama kioo kimekwaruzika kupita kiasi, usikimbilie kununua mita nzima kule Grogan, Kirinyaga Road. Kilomita zimo ndani ya mita hiyo, kwa hiyo utafunga kwenye gari lako safari za mtu mwingine, na siku ya kuuza utakosa la kusema. Mwombe muuzaji akufungulie kioo peke yake kutoka kwenye mita iliyoungua. Nenda na chako, ulinganishe klipu zote kabla ya kutoa pesa.