Madoa ya Maji Baridi kwenye Urujuani wa Usambara

Madoa yakitokea kwenye majani ya ua la ndani, lawama huangukia ukungu, na dawa hununuliwa kabla jani halijageuzwa likatazamwa. Kwa urujuani wa Usambara, ua dogo la majani yenye manyoya ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani na likapewa jina la kisayansi mwaka 1893, mtuhumiwa wa kwanza ni maji ya kumwagilia.

Doa la maji baridi hutambulika kwa sura: pete au michirizi iliyopauka, upande wa juu, palepale tone lilipotua au kutiririka. Halikui. Lizungushiwe mstari wa kalamu, litazamwe tena baada ya wiki. Doa la ukungu litakuwa limevuka mstari, kati pamekauka, pembeni pana manjano. La bakteria huanza likionekana kama limeloa.

Yanayotokea ndani ya jani ndiyo yenye uhondo. Chini ya ngozi ya juu kuna safu ya seli ndefu zilizojaa kijani, na sehemu kubwa ya kila seli ni vakuoli, mfuko wa majimaji yenye asidi. Ni kama chumba kilichojazwa na pipa moja la maji ya ndimu, huku vyombo vyote vya thamani, zikiwemo kloroplasti, zile chembe za kijani, vimebanwa kwenye upenyo kati ya pipa na ukuta. Pipa likiwa zima, maisha yanaendelea. Jani likipoa ghafla pipa hupasuka, ndimu humwagika, na kloroplasti huoga asidi hadi zikaharibika. Ajabu ni kwamba kinachoua ni kasi. Jani hilohilo likipozwa polepole hadi nyuzi zilezile hubaki kijani, na maji vuguvugu yakidondoka juu yake hayaachi alama.

Doa likishatokea halifutiki. Maji yalale ndani usiku mmoja yapate joto la chumba, kisha yatiwe kwenye kisahani chini ya chungu. Yatakayobaki baada ya nusu saa yamwagwe. Kwa ukungu, jani hukatwa na kutupwa mbali, vyungu huachanishwa hewa ipite, na dawa ya shaba hufuata ugonjwa ukizidi. Jani lenye pete za baridi halina haja ya kukatwa: sehemu zake za kijani bado zinatengeneza chakula.