Kayaki ya Mbao: Kausha Kwanza, Paka Baadaye

Ukiwa Thika au Ruiru na kayaki uliyojiundia kwa plaiwudi imeanza kubambuka, njia ya karibu ni kuipeleka kwa fundi wa faiba anayekarabati bodi za magari. Fundi huyo ni hodari, ila resini aliyoizoea ni poliesta, na poliesta haishiki mbao kama epoksi. Mbao ikivimba na kusinyaa, faiba inaachia na maji yanajipenyeza chini yake. Hayo maji yaliyofungiwa ndani ndiyo yanayoozesha kayaki.

Tafuta mabaka meupe, kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Penye mlio mtupu faiba imeachia: ipashe kwa hewa moto, uibandue mpaka mbao ionekane. Chokoa kwa ncha ya msumari. Ikizama kwa urahisi, kata kipande hicho uweke kingine. Plaiwudi mpya ijaribu kwanza jikoni: chemsha kipande kidogo kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya kabati, haifai majini.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, na mimi nasisitiza hapo hasa. Kuvu wa kuozesha hustawi unyevu wa mbao ukizidi takriban asilimia 20. Weka chombo kivulini penye upepo. Baada ya siku kadhaa, bandika kipande cha nailoni juu ya mbao, uzibe kingo kwa utepe, ukianike kidogo juani. Ukiona umande chini ya nailoni, ngoja. Januari na Februari ni rafiki wa kazi hii. Masika ya Machi hadi Mei yatakuchosha.

Mbao ikiwa wazi, huo ndio wakati wa kupanua nafasi ya kukaa au kuongeza kizuizi cha kutenga chumba cha hewa. Lita 100 za hewa iliyozibwa vizuri hubeba karibu kilo 100 chombo kikijaa maji, kwa hiyo kizuizi ningekitanguliza kuliko urembo wowote. Kila ukingo uliokatwa hunywa maji, basi uupake epoksi mara tatu.

Usiku wa Julai huwa na baridi, na fundi wa poliesta amezoea kuongeza kigandishi ili kazi iwahi. Kwenye epoksi usimruhusu: kipimo kikizidi, resini hubaki laini daima. Paka alasiri joto likishuka, maana asubuhi mbao inapopata joto hutoa hewa na kuleta mapovu. Utando wa mafuta ukijitokeza, uoshe kwa maji kabla ya kupiga msasa.

Thika iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua lake huvunja epoksi isiyofunikwa. Mafundi wa Lamu hulinda majahazi kwa sifa (mafuta ya samaki) na shahamu, wakirudia mara kwa mara. Nawe tumia vanishi yenye kinga ya jua, mikono minne au zaidi, uirudishie kila mwaka kabla haijapasuka. Ukiihifadhi kayaki, acha vifuniko wazi ili vyumba vipumue.