Majitaka yako yasiwe maradhi ya jirani yako

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tunaona haya kulitaja, nalo ni njia ya majitaka ya nyumbani. Hapa nina maana ya bomba linalotoka chooni, bafuni na jikoni, chemba zake, karo linalopokea uchafu na shimo la kunyonya maji.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Masika moja, miaka michache iliyopita, chemba iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Dar es Salaam ilianza kufurika. Maji machafu yalichuruzika hadi kichochoroni. Nikaweka jiwe juu ya mfuniko, nikasema fundi nitamwita mwisho wa mwezi. Zikapita wiki mbili. Siku moja nikiwa zamu zahanati, aliletwa mtoto wa miaka mitatu anayeharisha maji, macho yameingia ndani, hana hata machozi. Alikuwa mjukuu wa jirani yangu, naye hucheza katika kichochoro kile kile. Alhamdulillah, kwa dripu na maji ya chumvichumvi alipona. Siwezi kuapa kuwa maradhi yale yalitoka kwangu, lakini pia siwezi kuapa kuwa hayakutoka kwangu.

Nilikwenda kuomba radhi. Bibi yake akaniambia: "Mwanangu, harufu tuliisikia toka siku ya kwanza. Tulikuonea haya, wewe ndiye daktari wetu." Fundi alipokuja, kazi ilimchukua asubuhi moja tu. Kilichoziba bomba kilikuwa machicha ya nazi, mafuta ya kupikia yaliyoganda na kitambaa cha kudekia.

Twahara haiishii mlangoni kwako

Sote tuliopita madrasa tulianza fiqhi kwa mlango wa twahara. Tulifundishwa kujikinga na mkojo usiturukie, na tulifundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kujisaidia penye maji ya watu, katika njia wanayopita na katika kivuli wanachopumzika. Sasa jiulize, ndugu yangu: mtu anayefungulia karo lake limwagike barabarani mvua ikinyesha, yaani anayetapisha choo, ana tofauti gani na aliyejisaidia njiani? Huyu amewajazia watu njia kwa uchafu wa nyumba nzima. Watoto watayakanyaga maji yale, na waumini watayapitia wakielekea msikitini.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yaliyofika kulla mbili, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya kufaa kwa udhu na kuoga. Si kipimo cha usalama wa kunywa. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini havionekani kwa macho wala havibadilishi ladha. Kisima kilicho karibu na karo linalovuja kinaweza kutoa maji meupe kabisa yenye maradhi. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na shimo la choo au la kunyonya liwe mbali na kisima, angalau mita 30, upande wa chini wa mteremko.

Tusidhani haya ni maneno ya vitabuni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi, kikavuka hadi Zanzibar na kuua mamia ya watu.

Mbu nao wana sehemu yao. Mbu wa Culex, wanaoeneza matende na mabusha katika pwani yetu, hupenda kuzaliana katika maji machafu ya vyoo na makaro. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo ili mbu wasipate pa kuzaliana, na watu wakapewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana. Wewe nyumbani kwako anza na jambo dogo: ziba nyufa za mifuniko na funga wavu juu ya bomba la kupumulia la karo.

Namna ya kuitunza njia ya majitaka

Bomba la majitaka huendeshwa na mteremko. Bomba la inchi 4 linatosheka na mteremko wa kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita 1. Likilazwa sawasawa, kinyesi hubaki nyuma. Kila penye kona pawe na chemba, ili pakiziba fundi apate pa kuingizia fito. Unapojenga, simamia kazi hii kama unavyosimamia kupaua.

Jikoni ndiko kunakoanzia matatizo mengi. Machicha ya nazi, majani ya chai, makombo ya wali na mchanga wa kusugulia sufuria visiingie kwenye sinki. Weka kichujio. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa sambusa na bagia, hasa mwezi wa Ramadhani, yaache yapoe, yatie kwenye chupa au kopo, kisha utupe na taka. Ukiyamwaga yakiwa ya moto, yatapoa ndani ya bomba na kuganda.

Chooni visiingie pampasi, taulo za kike, vitambaa wala mifuko ya plastiki. Mama, waeleze mabinti kwa upole na uwawekee ndoo yenye mfuniko. Wengi wanatupa chooni kwa sababu ya haya tu, hawana pengine pa kutupa.

Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe kwenye chemba. Njia ya majitaka haikujengwa kubeba mvua ya masika, na hapo ndipo makaro yanapofurika. Vilevile usipande mti mkubwa karibu na bomba, kwani mizizi hutafuta maji na hupenya kwenye maungio.

Karo likaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Fundi ana njia rahisi: anafunga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, anauzamisha mpaka chini, kisha anatazama tope limefika wapi. Likifikia theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya majitaka. Kwa familia ya kawaida huwa ni kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Tope likiachwa, litahamia kwenye shimo la kunyonya na kuliziba, na kuchimba jipya ni gharama kubwa kuliko gari. Nyumba ya wapangaji wengi basi wachangishane kidogo kidogo kila mwezi.

Dalili za mapema ni hizi: maji ya chooni kushuka polepole, sauti ya kububujika kwenye sinki unapomwaga maji chooni, harufu bafuni, na majani kustawi kupita kiasi juu ya karo. Ukiziona, usingoje mwisho wa mwezi kama nilivyongoja mimi.

Tahadhari za uhai

Mtu asiingie ndani ya karo kwa hali yoyote, hata lililokwisha kunyonywa. Mna hewa ya sumu inayomwangusha mtu kwa pumzi chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa hufa pia. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu, kwani hewa hiyo huwaka. Ukizibua bomba kwa dawa, usichanganye asidi na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa moshi unaounguza mapafu. Mifuniko ya chemba na karo iwe mizito na mizima, mtoto asitumbukie. Anayezibua avae glovu na mabuti, akimaliza aoge kwa sabuni.

Ndugu msomaji, kabla hujalala leo, chukua tochi uzunguke nyuma ya nyumba yako, uone mifuniko na unuse. Kisha umuulize jirani yako kama anakerwa na lolote linalotoka kwako. Muulize wewe kwanza, kwa sababu yeye huenda anakuonea haya, na mtoto wake anacheza hapo hapo.

Allah atujaalie tuwe wenye kujitwaharisha na wenye kuchunga haki za majirani zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.