Boti Hairudi Nyuma

Ndugu msomaji, Dominika hii naomba unisindikize mbali kidogo na Karatu, hadi Jinja nchini Uganda. Tutarudi nyumbani.

Juni mwaka huu tulikwenda hija Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3. Tulikuwa mapadre wanne tuliosoma pamoja seminari kuu, wote tumevuka miaka hamsini. Wakati wa kurudi, mwenzetu mmoja, ambaye hata seminarini ndiye aliyekuwa akituponza, akasema hatupiti Jinja bila kushuka Mto Nile kwa boti ya mpira.

Nilikataa. Mimi nimekulia Karatu. Kwetu mito mingi ni makorongo: miezi mingi ni mchanga mtupu, halafu mvua inanyesha juu kwenye msitu wa Ngorongoro na maji yanashuka ghafla yakisomba magogo. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba ukisikia mngurumo unatoka korongoni, husubiri kutazama. Na maji yetu hayafiki hata baharini. Yanaishia Eyasi na Manyara, na yale ya Mto Munge yanaingia ndani ya kreta na kubaki humo. Mtu wa maji ya namna hiyo unampeleka Nile? Tukapiga kura. Nilishindwa tatu kwa moja.

Wenyeji wanasema mto wa sasa si ule wa zamani. Bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilifunika maporomoko yenye jina hilo, na la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika mengine. Yaliyobaki yalinitosha.

Tulivalishwa jaketi okozi na kofia ngumu, kila mmoja akapewa kafi. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa hapo hapo Jinja, na alitumia muda mwingi kutufundisha kuanguka kuliko kupiga kafi. Ukianguka, alisema, lala chali, inua miguu itangulie mpaka uone vidole vyako juu ya maji. Usijaribu kusimama, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Kisha akatuonyesha vijana wawili waliokuwa pembeni, kila mmoja kwenye kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, umefunikwa juu na mwenyewe amebanwa kiunoni.

“Hao ndio watakaowaokota,” alisema. “Boti ikishaingia kwenye maji ya kasi hairudi nyuma.”

Nilianguka kwenye poromoko la tatu. Watu wameniuliza nilisali sala gani. Sikusali. Nilimeza maji. Nilipoibuka, boti ilikuwa mbele na wenzangu walikuwa wanapiga kafi kwa nguvu zao zote kama walivyoamriwa. Hakuna aliyenichukia. Walikuwa na kazi.

Yule wa kayaki alifika, lakini hakunikurupukia. Alisimama hatua chache, akaniambia, “Mzee, niangalie mimi.” Nilipomwangalia ndipo akasogea. “Shika hapa mbele. Usipande.” Nami nilitaka sana kupanda! Ningepanda tungepinduka wote wawili. Nilining'inia pale mbele mpaka maji yakatulia. Hakuniuliza kwa nini nilianguka wala nilikuwa nimekaaje. Tulipokuwa tunakula mchana aliniambia kwamba somo la kwanza kwao ni kupinduka: wanapinduliwa kwenye maji tulivu, kichwa chini, mpaka wajue kujigeuza na kurudi juu.

Kwa miaka mingi nimehubiri juu ya Yesu aliyelala chomboni wakati wa dhoruba. Ni mahubiri mazuri, yanawatuliza waliomo. Lakini fungua Mathayo sura ya 14. Usiku ule Yesu hakuwa chomboni. Alikuja kwa nje, juu ya maji, na Petro naye alizama akiwa nje. Mwinjili hasemi kwamba yeyote kati ya wale waliobaki ndani alinyoosha mkono. Na angalia mfuatano: kwanza mkono wa Bwana ulimshika, ndipo likaja swali kuhusu imani yake. Sisi tunaanza na swali.

Nasema sisi, lakini nilipaswa kusema mimi.

Miaka mitatu iliyopita mwenyekiti wa jumuiya katika kigango chetu kimoja alitumia fedha za mabati ya kanisa kumtibu mwanawe hospitali. Nilipomuuliza hakuficha. Nilitangaza kwenye Misa kwamba amevuliwa uongozi, yeye akiwa ameketi na mke wake. Hakurudi tena kanisani. Msimu uliofuata aliuza vitunguu, akamtuma mtoto yule yule na bahasha. Fedha zilikuwa kamili. Niliandika stakabadhi, nikagonga muhuri, nikamkabidhi mtoto. Tulikuwa na ujenzi, halafu jubilei, halafu mavuno. Kila Dominika nilihubiri huku nafasi yake nikiiona, nami nikasema moyoni kwamba akitaka atakuja.

Kutoka Jinja nilikaa wiki moja, kisha nikateremka Mang'ola, kwenye joto lile na vumbi lile la Eyasi. Nilimkuta shambani akifungua mfereji ili maji ya chemchemi yaingie kwenye vitunguu. Aliponiona alisimamisha jembe.

“Shikamoo Padri. Ni kuhusu mabati?”

Nilimwambia mabati yalishapauliwa zamani, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile ya tangazo. Alitazama maji kwa muda mrefu. Kisha akasema kitalu cha mwisho kinakauka, kama sina haraka nisubiri amalize. Nikavua viatu nikamsaidia kuziba tuta. Mke wake alituletea chai, akaiweka chini bila kuniangalia.

Hajarudi kanisani. Mwanawe, ambaye sasa ni kijana mrefu, aliniambia baba yake aliuliza kama njia ya kushukia huko inapitika wakati wa mvua. Keshokutwa, baada ya Misa ya asubuhi, nashuka tena.