Je, Wajua? Tezi Inayochapa Kazi Kupita Kiasi na Safari Yake Ndani ya Faili

Je, wajua kwamba ripoti moja ya uchunguzi wa maiti iliyopita katika njia ya misafara ya Tabora haikutoka kwa daktari? David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwezi Mei 1873, aliyempasua ni Farijala, mtu aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona kazi hiyo inavyofanywa. Alikuta ubavuni kushoto bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja, na mapafu yaliyokauka yenye mabaka meusi na meupe. Jina la ugonjwa hakulitaja. Alisema alichokiona, wenzake wakakishika, nao waliobeba mwili wakapita Unyanyembe, pale pale Tabora, Oktoba mwaka huo, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono ambao simba aliuvunja miaka mingi nyuma.

Kwa maoni yangu, Farijala anawapita madaktari wengi wa leo, wale wanaoandika jina la ugonjwa pasipo kuandika walichokiona. Na kama kuna tezi inayoteseka kwa uandishi wa namna hiyo, ni pituitari.

Je, wajua kwamba tezi hiyo, iliyoning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua, ina ukubwa wa njegere na uzito wa takribani nusu gramu tu? Ndiyo inayoziamuru tezi nyingine. Ikizidisha kazi, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, inaipa msimbo E22. Tarakimu inayofuata baada ya nukta ndiyo yenye habari.

E22.0 ni homoni ya ukuaji iliyozidi. Msimbo huu unawaweka pamoja watu wawili ambao ukiwaona barabarani hutadhani wana ugonjwa mmoja. Homoni ikizidi utotoni, kabla ncha za mifupa hazijafunga, mtu hurefuka bila kikomo. Robert Wadlow wa Marekani alifikia mita 2.72 kabla ya kufariki mwaka 1940. Ikizidi ukubwani, urefu haubadiliki. Hupanuka viganja, nyayo, taya na paji la uso, taratibu mno hata walio nyumba moja naye hawashtuki. Hiyo ndiyo akromegali, na Mfaransa Pierre Marie aliipa jina hilo mwaka 1886. Ndiyo maana daktari makini huuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi: pete ya ndoa bado inaingia? Unavaa kiatu namba ngapi, na miaka mitano iliyopita ulivaa namba ngapi? Kisha huomba picha ya zamani, ya harusi au ya kitambulisho, ailinganishe na sura iliyo mbele yake. Majibu hayo yakiandikwa kwenye faili ni ushahidi. Yakisemwa tu, yanaondoka na mgonjwa.

Je, wajua kwamba Charles Byrne, jitu la Ireland aliyefariki London mwaka 1783, alipata jina la ugonjwa wake mwaka 1909? Daktari Harvey Cushing alilifungua fuvu lake na kukuta kishimo cha tezi kimetanuka. Faili lilisubiri miaka 126.

Sasa tuseme kuna mama wa Mtendeni, Tabora, hedhi imekatika, maziwa yanatoka na hana mtoto anayenyonya. Anaweza kupata misimbo minne tofauti. Tabibu wa kwanza ataandika N91, kukosa hedhi. Wa pili ataandika N64.3, maziwa kutoka bila uzazi. Kipimo cha damu kikionyesha prolaktini imepanda, ni E22.1. Picha ya kichwa ikionyesha uvimbe usio saratani, inaongezwa D35.2. Misimbo yote minne inasema kweli, lakini dawa inategemea kujua chanzo. Na kabla ya kuilaumu tezi, mtu aandike dawa anazomeza mama huyo: metoklopramidi ya kichefuchefu na haloperidoli ya magonjwa ya akili, zote hupandisha prolaktini.

E22.2 ndiyo ya ajabu kuliko zote. Homoni ya kubakiza maji inazidi, mwili unashikilia maji, sodiamu katika damu inashuka, mgonjwa anachanganyikiwa. Inawapata wagonjwa wa kifua kikuu, nimonia na homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo wodini si ngeni. Pengine tezi haina kosa lolote: saratani ya mapafu inaweza kuitengeneza homoni hiyo yenyewe, na bado lawama inaandikwa kwa pituitari. E22.9 maana yake ni kwamba aliyeandika hakufafanua. Mimi nauita msimbo wa saa tisa na nusu alasiri.

Usitafute ugonjwa wa Cushing, ule wa kortisoli kuzidi, ndani ya E22. Ingawa pituitari ndiyo inayousababisha, makazi yake ni E24.0.

Katika vituo vyetu, mgonjwa wa nje huingia kwanza Kitabu Na. 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi hesabu hupanda kwenye taarifa yenye mistari ya malaria, kuhara, nimonia. Pituitari haina mstari wake. Inamezwa na "magonjwa mengine". Kwa hiyo tarakimu za mwezi haziwezi kumwambia mpanga bajeti wa dawa kama wagonjwa hawa wapo. Anayetaka kujua sharti ayafungue mafaili.

Na je, wajua kwamba ugonjwa huu wa pituitari kuzidisha kazi unaweza kugeuka kinyume chake? Taasisi ya MOI pale Muhimbili huutoa uvimbe wa tezi hii kwa kupitia puani, hivyo kichwani hapabaki kovu la kumwonyesha mtu yeyote. Baadaye tezi iliyozidisha kazi inaweza kushindwa kazi kabisa, na msimbo ukawa E89.3. Mgonjwa wa namna hiyo akirudi Tabora anaishi kwa vidonge vya haidrokotisoni kila siku. Akiugua malaria kali, dozi hupandishwa. Asipopewa, anaweza kufa kwa presha kushuka. Kwa hiyo nakala ya barua ya kuruhusiwa hospitali ikae pamoja na kadi ya bima, na wa nyumbani wajue ilipo.